Tingatinga, mtu aliyechora na rangi ya kinga

Hapa Buleusa kuko vijana wanaochonga viti, kuko na mama wanaosuka vitunga jioni wakiisha kutoka shambani, na ukiwauliza, wengi watakuambia ni kupitisha wakati tu, si kazi. Juu yao njo tunaandika leo habari za Edward Saidi Tingatinga wa Tanzania. Picha za namna yake, chui wenye madoa mengi na ndege wenye shingo ndefu, zinauzishwa Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi, mpaka Ulaya. Watu wanafikiri alikuwa fundi tangu utoto. Kumbe alianza kuchora akiwa na miaka 36 hivi, na kazi yake yote ilidumu miaka 4 tu.

Alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, kusini ya Tanzania, karibu na mpaka wa Msumbiji. Wazazi walikuwa watu wa shamba, baba mwislamu na mama mkristu, na majina yake mawili yanaonyesha hiyo. Alisoma kidogo. Katika miaka ya 1950 akatoka kwao kwenda Tanga, kwenye mashamba ya mkonge, yale majani magumu yanayotoa nyuzi za kamba, sababu huko njo vijana wengi wa kusini walikuwa wanatafuta franka. Kiisha akafika Dar es Salaam, akawa boi na mtu wa bustani kwa Mwingereza mmoja wa serikali. Uhuru ulipofika mwaka 1961, Tingatinga akabaki bila kazi.

Miaka iliyofuata ni ile tunayoijua wote: leo kibarua, kesho hakuna. Aliuzisha matunda na mboga. Kati ya haya yote hakuna aliyemwita fundi wa sanaa.

Wakati ule, Dar es Salaam mulikuwa picha zilizotoka kwetu Kongo, wachuuzi wakiziuzisha kwa wageni. Kuko waliochunguza maisha yake wanaosema njo zilimfungua macho: aliona kama mtu anaweza kuchora mti na mnyama, na mwingine akatoa makuta mfukoni kuvinunua. Hatutaki kujivuna sana juu ya hiyo, lakini kidogo tunajivuna.

Mwaka 1968 akajaribu yeye mwenyewe. Angalia vile alianza. Hakuwa na kitambaa cha wachoraji, hakuwa na rangi zao za bei kali. Alitwaa kibao chembamba, kile cha kujengea plafo, akakikata pande nne sawa, centimeta 60 hivi kila upande. Rangi alinunua ile ya mafuta ya mikebe, ile watu wanapakaa kwenye kinga. Rangi hiyo inang'aa sana na haitoki upesi, lakini inakawia kukauka, na ukiharakisha zinachanganyikana. Kwa hiyo inataka mpango: kwanza unapakaa kibao chote rangi moja, unaacha kikauke, kiisha unachora mnyama, mwisho njo unaweka madoa moja moja. Ule uso wa picha zake, safi na bila vivuli vingi, sehemu yake kubwa inatoka kwa mkebe wa rangi ya kinga. Kile alichokosa kilimpa namna yake.

Jambo la pili ni mahali. Hakungojea watu waje kumtafuta nyumbani. Alipeleka vibao vyake Morogoro Stores, kule Oyster Bay, mtaa ambamo wazungu wengi walikaa, sababu hapo njo walifanya manunuzi. Mama aliyetoka kununua mkate alimkuta simba na tembo wakimwangalia. Bei ilikuwa ndogo, kibao kilikuwa chepesi, mgeni alikiweka katika valizi na kwenda nacho kwao.

Hapa tunasimama kidogo. Buleusa hakuna Morogoro Stores, na mtu anayetafuta kiti cha kupeleka Ulaya hapiti barabara yetu. Tena sisi tunajua kukimbia: siku ya kukimbia, kiti na kitunga vinabaki nyumbani, na pengine hautavikuta tena. Ni kweli, na hatuwezi kumwambia kijana afanye sawa vile Tingatinga bila kusema hiyo. Lakini swali lake linabaki kwetu vilevile: nani anapita wapi na makuta, na siku gani? Wanaochonga wengi wanajiuliza hiyo wakiisha kumaliza viti 10. Yeye alijiuliza mapema.

Kazi ilipozidi mikono yake, aliita ndugu na watu wa kwao: Simon Mpata, Kasper Henrik Tedo, January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia. Walijifunza kwa kukaa karibu naye na kufanya. Kiisha kampuni ya serikali, National Arts Company, ikaanza kununua picha zake. Hata hivyo alikuwa na kazi nyingine ya mshahara, katika hospitali ya Muhimbili. Wengine wataona hiyo ni kukosa imani na kazi yake. Sisi tunaona ni akili ya mtu mwenye kulisha watoto.

Mwaka 1972, usiku, Dar es Salaam, alikuwa ndani ya gari na wenzake. Polisi walifikiri ni gari la wezi wanaokimbia, wakapiga risasi. Tingatinga akafa. Hakufika hata miaka 41.

Kama kazi ingekuwa ya mikono yake peke yake, ingeishia hapo. Wale aliowafundisha waliendelea, kila mmoja akitia jina lake mwenyewe kwenye kibao, na mwaka 1990 wakafanya shirika la ushirika lenye jina la mkubwa wao. Mpata alienda kuchora Nairobi. Leo wanaoishi kwa namna ile ya kuchora ni wengi sana, na hiyo imeleta shida yake: mmoja akipata picha inayouzika, kesho wengine wanaitoa sawasawa, na bei inaanguka. Picha zilizotiwa jina la Tingatinga lakini hazikutoka mkononi mwake zinatembea pia. Zile za kweli hazikuwa nyingi, na sasa watu wanazilipia makuta ambayo yeye, na kibao chake cha plafo mbele ya duka, hakuyaona hata siku moja.