Bwana William Thomson na Waya wa Chini ya Bahari

Kompyuta ya shule ikishindwa kupata habari kutoka kwa seva iliyo mbali, wengi wetu hubonyeza vitufe kwa hasira, mara kumi, mara ishirini. Afadhali tuyakumbuke maisha ya Bwana William Thomson.

Alizaliwa Belfast, Ireland, mwaka 1824. Baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Glasgow, na mtoto huyu aliingia chuoni humo akiwa na umri wa miaka 10 tu. Mwaka 1846, akiwa kijana wa miaka 22, alifanywa profesa wa fizikia, kazi aliyoishika kwa miaka 53.

Zamani hizo habari za Uingereza zilikwenda Marekani kwa meli. Basi ikaundwa kampuni ya kulaza waya wa telegrafu chini ya bahari. Thomson alikuwa mmoja wa wakurugenzi, lakini fundi mkuu wa umeme alikuwa Wildman Whitehouse, aliyesomea udaktari. Wawili hao hawakuafikiana. Thomson alikwisha onyesha kwa hesabu kwamba ishara huchelewa katika waya mrefu ulio majini: urefu ukizidi mara mbili, kuchelewa huzidi mara nne. Alitaka waya mnene, umeme hafifu na chombo chepesi cha kuupokea. Whitehouse alitumaini nguvu.

Tarehe 5 Agosti 1858 waya uliunganisha Ireland na Newfoundland, na watu wakashangilia. Lakini salamu za Malkia Victoria, maneno 98, zilichukua saa 16 hivi kupita. Whitehouse akausukumia waya umeme wa volti 2,000 hivi. Ganda la waya, ambalo tangu mwanzo lilikuwa na kasoro, likazidi kuharibika. Baada ya majuma matatu hivi waya ukanyamaza kabisa.

Thomson hakukata tamaa. Alikuwa ametengeneza chombo chenye kioo kidogo kilichobandikwa sumaku na kuning'inizwa kwa uzi. Umeme hafifu ulikigeuza kioo, na doa la mwanga likasogea juu ya kipimo. Mwaka 1865 waya mwingine ulikatika baharini. Mwaka 1866 meli Great Eastern ikalaza mwingine, nao ukadumu. Mwaka 1879 waya wa namna hiyo ulifika Unguja kutoka Aden, na leo nyuzi za kioo za chini ya bahari hutuletea intaneti.

Thomson alipewa cheo cha Lord Kelvin mwaka 1892, na kipimo cha joto kikaitwa kwa jina hilo. Alifariki mwaka 1907, akazikwa Westminster Abbey.

Nasi wanafunzi tujifunze. Mawasiliano yakikatika, tuchunguze kwanza waya, kisha mashine ya upande huu, kisha ya upande wa pili, kimoja kimoja. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.