Carl Stalling: Mtunzi Aliyehesabu Mizani ya Picha

Aghalabu fundi hodari hufichwa na kazi yake mwenyewe. Watoto wa mataifa mengi, wakiwemo waliokulia mbele ya runinga za Afrika Mashariki, wanamjua sungura Bugs Bunny, bata Daffy Duck na nguruwe Porky Pig. Wanajua, hata bila ya kufundishwa, kwamba katika katuni hizo mguu haukanyagi chini ila ngoma nayo ilie, wala kope haipepesi ila fidla iitikie. Jina la Carl William Stalling, aliyetunga muziki huo kwa miaka 22, liliandikwa mwanzoni mwa filamu na kupita kabla mtazamaji hajajiweka sawa kitini. Hata hivyo, historia ya namna muziki ulivyofungamanishwa na michoro inayotembea haiwezi kuelezwa kikamilifu bila ya kuyazingatia maisha ya mtu huyu, na hasa mvutano uliozuka baina yake na rafiki yake Walt Disney kuhusu jambo moja: kati ya sauti na picha, nani amfuate mwenziwe?

Stalling alizaliwa tarehe 10 Novemba 1891 mjini Lexington, katika jimbo la Missouri, Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani, na baba yake alikuwa seremala. Alianza kujifunza piano akiwa na umri wa miaka 6, na alipotimu miaka 12 tayari alikuwa mpigaji mkuu wa piano katika jumba la sinema la mji wao. Enzi hizo zilikuwa za filamu bubu. Mpigaji piano aliketi chini ya pazia, macho juu, mikono ikitafuta chini: farasi wakikimbia, naye akimbie, mjane akilia, naye ashushe sauti. Filamu bubu hazikuwa na mwendo mmoja, kwani mitambo ya kuonyeshea ilizungushwa kwa kasi zilizotofautiana, na kwa hivyo muziki ule ule haukuweza kuangukia mahali pale pale siku mbili mfululizo. Muziki ulikuwa mfuasi, tena mfuasi wa kubahatisha.

Baadaye Stalling alihamia Kansas City, ambako aliongoza okestra na kupiga ogani katika jumba la sinema la Isis. Ni katika mji huo alipofahamiana na Disney, kijana aliyekuwa akihangaika kutengeneza katuni fupi. Disney alipohamia Hollywood mwaka 1923, urafiki wao haukukatika. Stalling aliwahi hata kumkopesha fedha.

Mwaka 1928 ndio uliobadilisha kila kitu. Filamu zenye sauti zilikuwa zimeanza kuenea, na kwa sababu sauti ikienda kwa kasi isiyo yake hugeuka kuwa kichekesho, mwendo wa filamu ulilazimika kufungwa mahali pamoja: fremu 24 kwa sekunde. Ni jambo dogo kimaelezo, lakini bila ya hilo mengine yote yasingewezekana. Wakati ukawa kitu cha kuhesabika. Katika karakana ya Disney, kijana mmoja aitwaye Wilfred Jackson, ambaye mama yake alikuwa mwalimu wa muziki, alileta metronomu, na kwa msaada wake wakapanga matendo ya Mickey Mouse katika filamu ya Steamboat Willie kwa kufuata mapigo. Hata hivyo, okestra ilipoketi kurekodi jijini New York mnamo Septemba, jaribio la kwanza lilienda mrama, kwa maana wapigaji ala hawakuweza kwenda sambamba na picha. Fedha zikapotea. Jaribio la pili lilifaulu baada ya alama ya kudundadunda kuwekwa juu ya picha ili kumwongoza kiongozi wa okestra, na filamu hiyo ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 18 Novemba 1928.

Stalling hakuutunga muziki wa Steamboat Willie, ingawa wengi hudhani hivyo. Yeye alihusika kwa njia nyingine. Disney akiwa safarini kuelekea New York alipitia Kansas City, akamwachia filamu mbili za Mickey zilizokuwa zimekwisha kuchorwa bila sauti, Plane Crazy na The Gallopin' Gaucho, azitungie muziki. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa kazi yake ya katuni. Muda si muda alikuwa ameacha ogani yake na kujiunga na karakana ya Disney. Mwaka uliofuata, Mickey alipotamka maneno yake ya kwanza katika The Karnival Kid, sauti iliyosikika ilikuwa ya Stalling.

Hapo ndipo mvutano ulipozuka. Disney alikuwa msimuliaji. Kwake yeye panya akianguka ni lazima muziki uanguke naye, hata ikibidi wimbo ukatwe shingo. Stalling aliyaona mambo kwa sikio la mwanamuziki. Wimbo una urefu wake na pumzi yake. Ukiukata katikati ya kifungu kwa sababu ya panya, hauwi wimbo tena bali kelele. Ikumbukwe kwamba mtu huyu alikuwa amekaa zaidi ya miaka 20 akiifuata picha gizani. Hakuwa akitetea nadharia. Alikuwa akidai nafasi ya kutangulia japo mara moja. Suluhu iliyofikiwa ilikuwa ya kuwagawia kila mmoja shamba lake. Katika filamu za Mickey, muziki ungetii picha. Pangeanzishwa mfululizo mwingine, ulioitwa Silly Symphonies, ambamo picha ingetii muziki.

Filamu ya kwanza ya mfululizo huo, The Skeleton Dance ya mwaka 1929, ilitokana na wazo la Stalling mwenyewe. Mifupa minne inafufuka makaburini na kucheza hadi jogoo anapowika. Sehemu ya muziki wake ni ya Edvard Grieg, mtunzi wa Norway, na nyingine ni ya Stalling. Michoro takriban yote ni ya Ub Iwerks. Hakuna kisa cha kusimulia. Kinachomshika mtazamaji ni mfuatano wa mapigo tu.

Watu wawili wanaofanya kazi katika vyumba tofauti waliwezaje kukutana katika pigo lile lile? Jibu lilikuwa kwenye karatasi. Karatasi hizo zilikuwa za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mwelekezi na mtunzi. Ilichorwa mistari kama ya nota za muziki, na kwenye kila pigo paliachwa nafasi ya kuandika tendo: hapa anainua mguu, hapa anakanyaga, hapa anateleza. Ya pili ilikuwa ya wachoraji na mpigapicha: safu za kushuka chini, kila mstari ukiwa ni fremu moja, na nambari ya mchoro ikiandikwa kwenye mstari wake ili mpigapicha ajue mchoro upi uwekwe chini ya kamera, na kwa fremu ngapi. Kiungo cha karatasi hizo mbili kilikuwa nambari moja tu, yaani idadi ya fremu katika pigo moja. Pigo likipewa fremu 12, dakika huwa na mapigo 120. Likipewa fremu 8, mwendo hupanda hadi mapigo 180. Likipewa 16, hushuka hadi 90. Mwanamuziki hakuulizwa tena iwapo wimbo ni wa haraka au wa taratibu, bali aliulizwa ni wa ngapi. Filamu ya dakika 7 ina fremu 10,080, na kila moja ilikuwa na mahali pake palipojulikana kabla kalamu haijagusa karatasi ya kuchorea.

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hatapata taabu kulielewa jambo hili. Washairi wawili wa tarbia wanaojua kuwa ukwapi una mizani 8 na utao una mizani 8 wanaweza kulumbana mmoja akiwa Lamu na mwingine Tanga, na beti zao zikakaa pamoja bila ya kugongana. Stalling alikuwa akihesabu mizani ya picha.

Lilibaki tatizo la wapigaji ala, kwa kuwa mwanadamu, hata awe bingwa, huharakisha anaposisimka. Stalling akaleta ufumbuzi. Ukanda wa filamu ulitobolewa matundu kwa kipimo cha fremu kilichokubaliwa, na kila tundu lilipopita penye kisoma sauti lilitoa mlio mfupi. Wapigaji ala wakawekewa vipokea sauti vya simu masikioni, wakawa wanausikia mlio huo wakirekodi, ilhali mtazamaji hausikii kamwe. Yeye mwenyewe hakujisifu kwa uvumbuzi huo, maana metronomu ilikuwepo tangu karne iliyotangulia. Lakini katika miaka ya 1930 mbinu hiyo ilitumika pia katika filamu za waigizaji hai, na hadi leo warekodi muziki wa filamu huitumia.

Karatasi nazo hazikufa. Programu za kuchorea katuni kama Toon Boom Harmony na Blender zina ukurasa wa muda ambao ni mjukuu wa zile safu. Mchoraji huweka sauti katika programu na kuhesabu fremu baina ya pigo na pigo. Hesabu ina mitego yake. Televisheni za mfumo wa PAL, za Kenya zikiwemo, zilijengwa juu ya fremu 25 kwa sekunde. Wimbo wa mapigo 120 huko huangukia fremu 12 na nusu, na nusu ya fremu haichoreki. Mtunzi mwenye kujua hupandisha wimbo hadi mapigo 125, akapata fremu 12 kamili.

Mnamo Januari 1930 Iwerks aliihama karakana ya Disney, na Stalling akaondoka pia. Miaka sita iliyofuata ilikuwa ya kutangatanga baina ya New York na California, hata akawa anamfanyia tena Disney vibarua vya hapa na pale. Mwaka 1936 aliajiriwa na Leon Schlesinger, aliyekuwa akiitengenezea kampuni ya Warner Bros. katuni zake, na hapo akatulia. Alitunga muziki wa filamu takriban moja kila wiki. Jumla yake ilizidi 600. Alikuwa na okestra ya kampuni, alikuwa na msaidizi wake Milt Franklyn, na juu ya yote alikuwa na ruhusa ya kuutumia muziki uliomilikiwa na Warner. Taksi ikienda mbio, au mwanamke mwenye gauni jekundu akipita, Stalling alitafuta wimbo ambao jina lake linataja jambo hilo, akaupachika kwa sekunde nne. Mwelekezi Chuck Jones alilalamikia mtindo huu, kwa hoja kwamba baadhi ya nyimbo hizo hakuna aliyezijua. Lalamiko hilo lina mashiko. Hata hivyo, mhakiki aliyezoea mwingilianomatini ataona hapa tashtiti ya hali ya juu, inayomtunuku msikilizaji makini na isiyomdhuru asiyeigundua.

Na lile swali la nani atangulie? Kwa mwelekezi Friz Freleng, aliyependa kupanga matendo kwa karatasi ya muziki, wimbo ulitangulia: katika Pigs in a Polka ya mwaka 1943, mbwamwitu na nguruwe watatu wanafukuzana kwa kufuata ngoma za Brahms bila ya kuzivunja. Katika kazi nyingine nyingi picha ilitawala, na Stalling akawa anaunganisha vipande vya nyimbo kama fundi anayeshona viraka. Wahakiki wa muziki huubeza utungaji unaoiga kila hatua ya mhusika, na wameupa jina la Mickey Mouse kwa dharau. Dharau hiyo haimstahili sana Stalling, ambaye alijua pia wakati wa kunyamaza. Tazama zile filamu za mbweha na ndege mkimbiaji, zilizoanza mwaka 1949 na Fast and Furry-ous. Mbweha anapogundua kuwa chini yake hakuna ardhi, muziki huondoka kabisa, na kimya hicho nacho kimehesabiwa kwa fremu.

Stalling alistaafu mwaka 1958 akiwa na umri wa miaka 66, Franklyn akachukua nafasi yake. Alifariki tarehe 29 Novemba 1972 huko California. Mwaka 1990 muziki wake ulitolewa kwa santuri pasi na picha, kwa jina The Carl Stalling Project, na kwa mara ya kwanza watu wengi wakausikiliza kama muziki. Katika santuri hiyo polka inaanza, inageuka kuwa bembea, kisha inakatika ghafla katikati ya kifungu, kwa sababu kuna mtu ameanguka mahali fulani ambapo msikilizaji hawezi kumwona.