Meade Lux Lewis: Mkali wa piano aliyekutwa akiosha magari

Mwaka 1935, John Hammond, msaka vipaji kutoka New York, alikuwa ametumia miaka kadhaa akimtafuta mpiga piano mmoja. Alichokuwa nacho mkononi ni santuri tu. Kampuni iliyoitoa, Paramount, ilikuwa imeshaacha kurekodi, na hakuna aliyejua mwanamuziki huyo yuko wapi.

Kumbe jamaa yupo Chicago. Anaosha magari.

Jina lake ni Meade Lux Lewis, mmoja wa watu watatu walioufanya mtindo wa bugiwugi uvume dunia nzima. Hadithi yake ni ya kijana aliyejifunza kwa masikio, akasahaulika, kisha akapatikana akiwa bado anajua kupiga.

Alianza na fidla

Lewis alizaliwa mwaka 1905. Jina lake kamili ni Anderson Meade Lewis. Hilo la Lux lilitokana na utani wa utotoni: alipenda kujishika kidevu kana kwamba ana ndevu ndefu, basi wenzake wakamwita Mtawala wa Luxembourg. Likafupishwa, likabaki hivyo.

Baba yake alikuwa mpiga gitaa, na ndiye aliyempeleka kujifunza fidla. Alipofika miaka 16, muda mfupi baada ya baba yake kufariki, Lewis aliiacha fidla akahamia kwenye piano.

Mtu aliyemvutia alikuwa Jimmy Yancey, mpiga piano wa Chicago ambaye muziki haukuwa ukimlisha. Kwa miaka mingi Yancey alifanya kazi ya kutunza uwanja wa timu ya besiboli ya White Sox. Usiku alipiga piano kwenye sherehe za majumbani, na vijana wakakaa karibu kumsikiliza.

Piano iliyojipiga yenyewe

Rafiki yake mkubwa Lewis alikuwa Albert Ammons, na wawili hao walifanya mazoezi pamoja nyumbani kwa kina Ammons. Kulikuwa na piano ya aina yake humo: unaweka karatasi iliyotobolewa matundu, nayo inajipiga, huku vitufe vikizama vyenyewe.

Ammons alivitazama vitufe vilivyozama, akavitia alama ya penseli, kisha akaweka vidole palepale. Akarudia mpaka mkono ukazoea.

Kwa mtindo huu, njia hiyo inafanya kazi. Bluzi nyingi huzunguka kwenye vipimo 12 na mafungu matatu tu ya sauti. Ukimaliza mzunguko, unarudi mwanzo. Mkono wa kushoto ukishaushika mzunguko huo bila kuufikiria, mkono wa kulia unakuwa huru kucheza unavyotaka.

Ugumu uko hapo hapo. Mikono miwili inatakiwa ifanye mambo mawili tofauti kwa wakati mmoja, na wa kushoto hauruhusiwi kuchoka wala kuchelewa.

Kwa nini mkono wa kushoto?

Jibu liko kwenye kodi ya nyumba. Miaka ya 1920, Wamarekani Weusi wengi waliohamia Chicago kutoka kusini walibanwa na kodi. Mwisho wa mwezi mtu anaandaa sherehe kwake, wageni wanalipa mlangoni, hela inakwenda kwa mwenye nyumba.

Bendi nzima ni gharama. Mpiga piano mmoja ni nafuu. Lakini huyo mmoja lazima asikike juu ya kelele za watu wanaocheza, kwa hiyo mkono wake wa kushoto unageuka kuwa ngoma na besi.

Mchana, Lewis na Ammons waliendesha teksi. Kwa muda waliishi nyumba moja na Pinetop Smith, ambaye Desemba 1928 alirekodi wimbo uliolipa jina la bugiwugi umaarufu. Smith alimhimiza Ammons ajifunze wimbo huo. Machi 1929 Smith alikufa kwa risasi kwenye ukumbi wa dansi. Alikuwa na miaka 24.

Treni ndani ya piano

Lewis mwenyewe alikuwa ameshaingia studio mwaka 1927 na kurekodi Honky Tonk Train Blues. Alikulia karibu na reli, na wimbo wote ni treni: mkono wa kushoto ni magurudumu, wa kulia ni honi na vishindo vya reli. Mapigo ya mikono hiyo yanapishana muda wote, lakini treni haitoki relini.

Baada ya hapo kimya. Uchumi ulianguka, biashara ya santuri ikaporomoka, na Lewis akarudi kwenye vibarua.

Hiyo ndiyo santuri iliyomhangaisha Hammond. Mwisho alimuuliza mtu sahihi: Albert Ammons. Ammons akamwambia rafiki yake alipo. Novemba 1935 Lewis akaurekodi wimbo uleule upya. Vidole havikuwa vimesahau.

Carnegie Hall, kisha sinema

Umaarufu haukuja papo hapo. Ilibidi asubiri hadi Desemba 23, 1938, Hammond alipowapandisha Lewis, Ammons na Pete Johnson kwenye jukwaa la Carnegie Hall, New York. Muziki wa sherehe za kodi ukaingia ukumbi wa wenye nazo, na Marekani ikashikwa na homa ya bugiwugi.

Wiki mbili baadaye, Januari 6, 1939, Lewis na Ammons walifanya rekodi za mwanzo kabisa za Blue Note. Santuri namba moja ya kampuni hiyo kubwa ya jazi ni ya Lewis.

Alihamia Los Angeles, na mwaka 1946 akaonekana kwenye filamu maarufu ya It's a Wonderful Life, akipiga piano ndani ya baa. Jina lake halikuandikwa kwenye orodha ya waigizaji.

Homa ya bugiwugi ikapoa. Ammons alifariki mwaka 1949, Yancey mwaka 1951. Lewis aliendelea kupiga kwenye klabu, mji hadi mji.

Juni 7, 1964, akitoka kazini karibu na Minneapolis, gari lake liligongwa kwa nyuma na gari lingine. Alifariki akiwa na miaka 58.

Rekodi zake zinapatikana kwenye simu yako. Unapoisikiliza ile treni mara ya kwanza, usiufuate mkono wa kulia. Sikiliza wa kushoto peke yake mpaka mwisho. Lewis na Ammons walianzia hapo.