Nyerere: Mkatoliki aliyelidai Kanisa lake haki ya maskini

MWALIMU Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Mwaka 1934 alianza shule Mwisenge, Musoma, na mwaka 1943, akiwa kijana wa miaka 21, alibatizwa kuwa Mkatoliki.

Mwaka 1955 aliacha ualimu Pugu ili aitumikie TANU, akarejea nyumbani bila mshahara. Mapadri wa Maryknoll kutoka Marekani, waliokuwa Musoma, walimpa kazi ya kufundisha Kizanaki na kutafsiri.

Fadhila hiyo haikumfunga mdomo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali yake ilitwaa shule za madhehebu, zikiwamo za Kanisa lake, ili watoto wa dini zote wasome bila ubaguzi.

Mwaka 1970, akiwahutubia masista wa Maryknoll huko New York, alilitaka Kanisa lipambane na mifumo inayozalisha umaskini. Lisipofanya hivyo, alionya, litahesabiwa kuwa mshirika wa dhuluma.

Naye hakukosa lawama. Katika miaka ya 1970, wananchi wengi walihamishiwa vijijini kwa nguvu kwa jina la Ujamaa.

Alifariki dunia London Oktoba 14, 1999, akazikwa Butiama. Mwaka 2005, kupitia Jimbo la Musoma, Kanisa lile lile alilolitwalia shule lilianza mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na sasa linamwita Mtumishi wa Mungu.