Mkimbiaji Aliyeshika Upinde

Fikiri njia itokayo Ifakara kwenda Mikumi. Abebe Bikila, askari wa Uhabeshi aliyezaliwa mwaka 1932, alikimbia mwendo usiofikia nusu ya njia hiyo, maili 26 na zaidi, kwa saa 2 na dakika 15, wala hakuvaa viatu. Ndivyo alivyoshinda katika mji wa Roma mwaka 1960. Mwaka 1964 alipasuliwa kidole tumbo. Hata wiki sita hazijatimia, akashinda tena huko Tokyo, Japani.

Lakini mwaka 1969 motokaa yake ilipinduka, akaumia uti wa mgongo, na miguu ikapooza kabisa. Akapelekwa Uingereza, hospitali ya Stoke Mandeville, ambako wagonjwa wa namna hiyo walifundishwa michezo ili viungo vilivyosalia vipate nguvu. Huko akashika upinde. Kazi hiyo si nyepesi kama ionekanavyo. Mpiga mishale husimama, akajikaza kwa miguu. Aketiye katika kiti cha magurudumu hana tegemeo hilo, hana budi kujifunza upya kusawazisha kiwiliwili chake na kuvuta kwa mabega na mikono. Basi yule aliyeshangiliwa na ulimwengu akawa mwanafunzi tena.

Mwaka 1970 alishindana huko kwa upinde. Mwaka uliofuata, katika nchi ya Norwei, alishinda mbio ya kilometa 25 juu ya theluji, ameketi katika gari lisilo na magurudumu, livutwalo na mbwa. Alikufa Oktoba 1973, naye Mfalme Haile Selassie akahudhuria maziko yake.