Gregory: Mwanajiolojia aliyesoma asili ya Bonde la Ufa katika mawe

Mwaka 1893, pale ulipo sasa mtaa wa Shauri Moyo, Nairobi, hapakuwa na nyumba za mji wala reli. Ndio mwaka ambao John Walter Gregory alivuka nyanda za Kapiti na Athi akiwa na wapagazi takriban 40, akaelekea Naivasha kutafuta jibu la swali moja: bonde lile kubwa lilitokana na nini?

Gregory alizaliwa London tarehe 27 Januari 1864, mwana wa mfanyabiashara wa sufu. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 15, akawa karani katika biashara iyo hiyo. Masomo aliyafuata jioni, mwaka 1887 akaajiriwa na Jumba la Makumbusho la Uingereza, na baadaye akapata shahada.

Safari hiyo ya Afrika Mashariki nusura iishie patupu. Msafara mkubwa aliokuja nao ulivunjika kabla ya kufika mbali. Badala ya kurejea kwao, Gregory alipanga msafara wake mdogo, akaondoka Mombasa mwezi Machi, akafika Ziwa Baringo, kisha akapanda Mlima Kenya hadi kwenye barafu. Mawe aliyoyakusanya yalibebwa vichwani na wapagazi, watu ambao historia imewasahau upesi mno.

Mwaka 1891 Eduard Suess wa Vienna, ambaye hakuwahi kufika huku, alikuwa amedai kwamba bonde hilo ni ufa wa gamba la dunia. Gregory alithibitisha kwa macho. Kuta zake zilishuka kwa ngazi. Ardhi ilikuwa imedidimia kati ya nyufa, wala haikuchimbwa na maji. Kitabu chake cha 1896 ndicho kilicholieneza jina la Bonde Kuu la Ufa.

Mawe nayo yalikuwa na lake la kusema. Mwaka 1903 G. T. Prior alichapisha uchunguzi wa kemia ya mawe ya volkano ya bonde hilo, akayalinganisha na ya Pantelleria, Visiwa vya Canary, Aden na Uhabeshi. Aliona udugu: yote yalikuwa na magadi mengi. Fonolaiti, jiwe jeusi gumu lililo chini ya sehemu kubwa ya Nairobi, ni la ukoo huo.

Wakati huo hakuna aliyeweza kupima vyema elementi adimu kama lanthani na seriamu. Leo wataalamu hupima uwiano wake ndani ya madini ili kujua mwamba ulitoka wapi. Elementi hizo haziingii kwa urahisi katika madini yanayoganda kwanza. Hubaki katika uji wa moto na kuzidi kujikusanya. Ndiyo sababu hutafutwa katika miamba ya kabonatiti, jamaa wa lava zenye magadi, kama ile ya Buru karibu na Muhoroni, na ile ya Mrima, Kwale, iliyo kongwe kuliko ufa wenyewe.

Gregory alifundisha Melbourne kuanzia 1900, kisha Glasgow kuanzia 1904 hadi 1929. Alirudi Kenya mwaka 1919, na 1921 akatoa kitabu cha pili kuhusu mabonde ya ufa.

Tarehe 2 Juni 1932, akiwa na umri wa miaka 68, mtumbwi wake ulipinduka katika mto Urubamba, Peru, akafa maji. Shauri Moyo ilikuwa bado haijajengwa.