Robert Goddard: Mzee wa roketi aliyelipwa na tajiri, serikali ikimtazama tu

Ukitaka kuanzisha ubishi mtaani siku hizi, sema tu kwamba safari za anga za juu ni kazi ya kampuni wala si ya serikali. Mmoja atakuambia bila NASA hakuna mtu angekanyaga mwezi. Mwingine atakurushia Taifa-1, ile setilaiti yetu iliyopaa Aprili 15, 2023, akukumbushe ilibebwa na roketi ya SpaceX, kampuni ya mtu binafsi. Wote wana hoja. Lakini kabla hujachagua upande, hebu nikujuze maisha ya Robert Goddard. Huyu aliishi ubishi huo wote kabla NASA yenyewe haijazaliwa.

Alizaliwa Oktoba 5, 1882, mjini Worcester, jimbo la Massachusetts, Marekani. Alikuwa mtoto wa kuuguaugua, shule anaikosa kila mara. Oktoba 19, 1899, akiwa na miaka 17, alipanda mti wa cheri nyumbani kwao kukata matawi makavu, na huko juu akaanza kuwaza namna mtu anavyoweza kuunda chombo cha kufika sayari ya Mars. Jiulize, wakati huo hata ndege haikuwepo! Tarehe hiyo aliiadhimisha kila mwaka kama vile wewe unavyoadhimisha siku yako ya kuzaliwa.

Akasoma fizikia hadi shahada ya uzamifu mwaka wa 1911. Miaka miwili baadaye kifua kikuu kikamlaza, madaktari wakakata tamaa. Hakufa. Mwaka wa 1914 alipata hataza mbili ambazo ukizitazama leo unashangaa: moja ya roketi inayotumia mafuta ya majimaji, nyingine ya roketi ya hatua kadhaa, ambapo sehemu iliyomaliza mafuta inadondoka na iliyobaki inaendelea na safari. Karibu kila roketi kubwa unayoiona kwenye simu yako inafanya hivyo hivyo.

Sasa, wazo bila pesa ni hadithi tu. Mshahara wa mwalimu haukutosha kununua vyuma, basi akaandikia taasisi ya Smithsonian, na 1917 ikampa dola 5,000. (Smithsonian yenyewe ni nusu kwa nusu: ilianzishwa kwa urithi wa mtu binafsi, ikawekwa chini ya serikali.) Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa vimechacha, jeshi nalo likamtaka. Novemba 1918 akawaonyesha maafisa roketi ndogo ya kurushwa kutoka kwa bomba la kushikwa mkononi, akitumia stendi ya kuwekea karatasi za muziki kama egemeo. Walipenda. Siku chache baadaye vita vikaisha, na hamu ya serikali ikaisha navyo.

Halafu ikaja aibu. Alikuwa ameandika kitabu kidogo cha hesabu kuhusu kufika juu sana angani, na humo akagusia kwamba roketi inaweza kufika hata mwezini. Januari 1920 gazeti la New York Times likamcheka kwenye tahariri, eti hajui hata fizikia ya shule ya upili, kwa kuwa mahali pasipo hewa roketi haina cha kusukuma. Kumbe yeye alikuwa ameshajaribu ndani ya bomba lililoondolewa hewa na kuona inasukuma vizuri tu! Gazeti lilisahihisha kosa hilo Julai 17, 1969, siku moja baada ya Apollo 11 kuondoka kwenda mwezini. Goddard alikuwa kaburini miaka 24.

Kicheko hicho kilimuumiza vibaya. Tangu hapo akawa mtu wa siri, na mimi naona ndiyo iliyomgharimu kuliko ukosefu wa pesa.

Machi 16, 1926, kwenye shamba la jamaa yake huko Auburn, alirusha roketi ya kwanza duniani ya mafuta ya majimaji: petroli na oksijeni iliyogandishwa ikawa maji. Ilikaa hewani sekunde mbili na nusu, ikapanda mita 12 hivi, ikaanguka kwenye shamba la kabichi. Ndiyo hiyo tu. Mkewe, Esther, alikuwa na kamera lakini filamu ikaisha kabla roketi haijaondoka. Esther huyu usimpite hivi hivi: ndiye aliyepiga picha, akashona miavuli ya kuteremshia roketi na kuzima moto nyasi ziliposhika.

Julai 1929 roketi nyingine ikapiga kelele hadi majirani wakadhani ndege imeanguka. Polisi na ambulensi zikafika mbio, na mamlaka ya zimamoto ikampiga marufuku kurusha katika jimbo hilo. Lakini habari hizo zilimfikia Charles Lindbergh, rubani maarufu, naye akamwendea tajiri wa madini, Daniel Guggenheim. Mzee akakubali kutoa dola 25,000 kwa mwaka. Goddard akahamia Roswell, jangwani New Mexico, mbali na majirani na waandishi.

Huko ndiko utakapouona uzuri na ubaya wa pesa za mtu binafsi. Hakuna bosi wa kumharakisha. Akaunda usukani wa kuzuia roketi isiyumbe, akaweka pampu za mafuta. Lakini Guggenheim alifariki mwaka huo huo wa 1930, na hali ya uchumi ilipochacha pesa zikakatika 1932, akarudi kufundisha hadi 1934. Na kwa vile hakuna aliyemlazimisha kushirikiana na wenzake, aliwakwepa, akabaki na mkewe na mafundi wachache. Roketi yake iliyopanda zaidi, mwaka wa 1937, ilifika takriban kilomita 2.7.

Ujerumani walikwenda njia nyingine. Jeshi lao lilimchukua kijana Wernher von Braun mwaka wa 1932, likammwagia pesa, maelfu ya wafanyakazi, na baadaye wafungwa waliofanyishwa kazi hadi kufa. Kufikia 1944 roketi yao ya V-2 ilikuwa imevuka mpaka wa anga, na ilikuwa inaua watu London. Serikali ikiamua, inafika. Swali ni inafika kufanya nini.

Mei 1940 Guggenheim mwana aliwakutanisha Goddard na wanajeshi wa Marekani. Hawakutaka roketi za masafa marefu. Walimpa kazi ya kusaidia ndege kupaa haraka, akaifanya hadi saratani ya koo ilipomuua Agosti 10, 1945.

Linganisha na SpaceX. Septemba 2008, baada ya kufeli mara tatu, roketi yao ndogo ilifika kwenye mzingo wa dunia, pesa zikiwa zinakaribia kuisha. Desemba hiyo hiyo NASA ikawapa mkataba wa dola bilioni 1.6. Goddard hakupata Desemba kama hiyo.

Esther aliendelea kusajili hataza za mumewe hadi zikafika 214. Mwaka wa 1960 serikali ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni moja kwa kuzitumia, na Esther akagawana na wakfu wa Guggenheim. NASA nayo ilikuwa imekipa jina lake kituo chake cha Greenbelt, Maryland. Kituo hicho ndicho kilichosimamia setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei iliyorushwa Desemba 12, 1970, Siku ya Jamhuri, kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Roketi iliyoibeba ilikuwa ya hatua nne, na setilaiti yenyewe ikaitwa Uhuru.